Upanuzi wa Gridi ya Taifa ya Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mitambo ya kuzalisha umeme huzinduliwa kwa shangwe na majina yake hujulikana na kila mtu. Njia zinazousafirisha umeme huo hupita porini na milimani bila kutajwa, mpaka siku zinapochelewa kukamilika au zinapoanguka. Majibu yafuatayo yanaeleza kwa nini kupanua gridi ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, na kwa nini, kwa maoni yangu, nchi inayopanga mtambo kwanza na njia baadaye hujitafutia hasara.

Gridi ya usafirishaji ni nini, na inatofautianaje na nyaya zinazopita mitaani?

Mfumo wa umeme una sehemu tatu: uzalishaji, usafirishaji na usambazaji. Usafirishaji ni sehemu ya kati, yenye minara ya chuma, nyaya nene na vituo vya kupozea umeme, ambayo hubeba umeme mwingi kwa umbali mrefu kwa msongo wa kilovoti 132, 220, 400 au zaidi. Usambazaji huanzia pale umeme unapopozwa hadi msongo wa kati, mara nyingi kilovoti 33 au 11, na kuishia kwenye msongo mdogo unaoingia majumbani. Nguzo ya mtaani ikianguka, mtaa mmoja hukosa umeme. Mnara wa kilovoti 400 ukianguka, mkoa mzima unaweza kuzimika, na wakati mwingine nchi nzima.

Kwa nini umeme husafirishwa kwa msongo mkubwa kiasi hicho?

Kila waya hupoteza sehemu ya umeme kwa njia ya joto, na upotevu huo hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, upotevu huzidi mara nne. Namna ya kupunguza mkondo bila kupunguza umeme unaobebwa ni kupandisha volti, yaani msongo. Chukua megawati 200. Zikisafirishwa katika njia ya fezi tatu ya kilovoti 132, kila fezi hubeba takriban ampea 875. Zikisafirishwa kwa kilovoti 400, hubeba takriban ampea 290 tu, na kwa waya wenye ukinzani uleule upotevu hupungua mara tisa. Ndiyo maana mtambo ulioko kilomita mia kadhaa kutoka kwa watumiaji hauwezi kuunganishwa kwa nyaya za kawaida. Na ndiyo maana kila hatua ya kupandisha msongo huja na minara mirefu zaidi, ukanda mpana zaidi wa ardhi na transfoma ghali zaidi.

Mtambo umekamilika. Kwa nini umeme wake haujafika?

Kwa sababu mtambo na njia haviendi kwa kasi moja. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2023 kwamba miundombinu mipya ya gridi huchukua kati ya miaka 5 na 15 tangu kupangwa hadi kukamilika, ilhali mradi wa umeme wa jua au wa upepo huchukua kati ya mwaka 1 na 5. Anayeanza vyote viwili siku moja amekwisha kujipangia kuchelewa.

Shamba la upepo la Ziwa Turkana nchini Kenya, lenye uwezo wa megawati 310 na mitambo 365, lilikuwa limejengwa kufikia mwaka 2017. Njia ya kilovoti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikuwa bado, kutokana na mivutano ya ardhi na kufilisika kwa mkandarasi. Umeme uliingia kwenye gridi Septemba 2018. Mkataba wa namna hii kwa kawaida humtaka mnunuzi alipie umeme ambao ungezalishwa, hata kama hakuna waya wa kuupokea, na gharama hiyo hatimaye humwangukia mlipa bili.

Jimbo la Texas nchini Marekani lilipita njia tofauti. Kufuatia sheria ya mwaka 2005, lilichagua kwanza kanda zenye upepo mzuri, likaamuru njia za kilovoti 345 zenye jumla ya takriban kilomita 5,800 zijengwe kuelekea kanda hizo, na kazi ikamalizika kati ya mwisho wa 2013 na mwanzo wa 2014. Wawekezaji walijua waya utapita wapi kabla ya kuchagua mahali pa kujenga. Wapo wanaosema hii ni kamari, kwa kuwa njia inaweza kukamilika halafu wawekezaji wasije. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ipimwe kwa mizani sahihi: njia hudumu zaidi ya miaka 40, na kwa kawaida hugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya mitambo itakayoitumia. Njia inayongoja mtambo kwa miaka miwili ni hasara inayobebeka kuliko mtambo mkubwa unaongoja njia kwa muda huohuo.

Kwa nini suala la ardhi huchukua muda mrefu kuliko ujenzi wenyewe?

Chini ya nyaya na pembeni mwake huachwa ukanda uitwao mkuza, ambao hauruhusiwi kuwa na majengo wala miti mirefu. Upana wake hutegemea msongo: takriban mita 30 kwa kilovoti 132, na mita 50 au zaidi kwa kilovoti 400. Njia ya kilomita 400 yenye mkuza wa mita 50 inagusa hekta 2,000, na hekta hizo hazipo mahali pamoja. Ni uzi mrefu unaokata mashamba ya maelfu ya watu, malisho, misitu, barabara na makaburi.

Kazi huanza na mthamini anayepita kiwanja kwa kiwanja, akihesabu miti ya matunda, akipima kuta za nyumba, akiandika idadi ya makaburi yatakayohamishwa, na kumpiga picha mwenye ardhi akiwa ameshika namba yake ya usajili. Katika kila kiwanja kuna uwezekano wa kukwama. Mmiliki wa kimoja hana hati, na jirani anadai mpaka. Wa pili amefariki na warithi wake wako mahakamani. Wa tatu nyumba yake iko nje ya mkuza kwa hatua chache, lakini shamba lote liko ndani, na haelewi kwa nini alipwe mazao ilhali hatakuwa na pa kulima kwa namna aliyozoea. Wapo pia wanaoinua vibanda haraka baada ya kusikia njia itapita, na dawa ya hilo ni kutangaza mapema tarehe ambayo baada yake jengo jipya halihesabiwi, kisha kuisimamia tarehe hiyo bila upendeleo.

Mradi wa barabara unaweza kufunguliwa kipande kwa kipande. Njia ya umeme haiwezi. Minara ya msongo mkubwa husimama kwa umbali wa takriban mita 350 hadi 450 kutoka mmoja hadi mwingine. Mingine yote ikiwa imesimama na miwili tu ikakwama kwa amri ya mahakama, umeme unaopita ni sifuri.

Sioni haki wanaodai fidia waitwe wapinga maendeleo. Tatizo la kawaida ni malipo yanayochelewa: uthamini hufanyika mwaka huu, fedha hutoka miaka kadhaa baadaye, bei za ardhi zimekwisha kupanda, na muda wote huo mtu amekatazwa kupanda mazao ya kudumu au kukarabati nyumba yake. Mradi unaolipa fidia kabla mkandarasi hajafika eneo la kazi huokoa muda. Unaomleta mkandarasi kwanza humlipa akae bure.

Kwa nini nyaya zisifukiwe ardhini, ili kuepuka minara na malalamiko?

Gharama ndiyo jibu la kwanza, kwa kuwa kebo ya chini hugharimu mara kadhaa ya njia ya juu ya uwezo uleule. Jibu la pili ni la kifizikia. Kebo iliyozikwa hujikusanyia chaji nyingi kwa kila kilomita, na katika mkondo geu, yaani umeme wa kawaida wa gridi unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, chaji hiyo hujaa na kutoka mara 100 kwa sekunde katika mfumo wa hezi 50. Kebo ikiwa ndefu, sehemu kubwa ya uwezo wake huishia kushughulikia chaji hiyo badala ya kubeba umeme wa mteja, na kwa msongo mkubwa kikomo hufikiwa ndani ya makumi ya kilomita. Kwa umbali mrefu zaidi inabidi kutumia mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, wenye vituo ghali vya kubadilisha umeme katika kila mwisho.

Ujerumani ilichagua kufukia. Njia ya SuedLink, takriban kilomita 700 za kebo ya mkondo mnyoofu kutoka kaskazini hadi kusini, ilitarajiwa kukamilika mwaka 2022. Uamuzi wa mwaka 2015 wa kutanguliza kebo za chini ili kutuliza upinzani ulilazimisha mipango ianze upya, na sasa tarehe inayotajwa ni 2028. Kufukia kunafaa katikati ya miji, karibu na viwanja vya ndege na baharini. Kama dawa ya malalamiko ya ardhi hakuaminiki, maana mtaro nao unahitaji ardhi ya mtu.

Nani hulipia upanuzi, na kwa nini fedha huwa adimu?

Mtambo una mnunuzi wa umeme wake na mkataba wa miaka 20 anaoweza kuupeleka benki. Njia ya usafirishaji haiuzi umeme. Huubeba tu, na mapato yake hutokana na tozo ndogo iliyomo ndani ya bei ya umeme, ambayo hupangwa na mdhibiti na huwa na uzito wa kisiasa. Shirika la umeme likiuza chini ya gharama kwa miaka mingi, njia ndiyo huahirishwa kwanza, kwa sababu kuahirishwa kwake hakuonekani mara moja.

Mikopo ya nje hujaza pengo hilo, nayo ina masharti yake. Mkopeshaji mara nyingi hugharamia minara, nyaya na vituo, na kuiachia serikali jukumu la fidia kutoka bajeti yake. Matokeo yake vifaa hufika bandarini wakati fungu la fidia halijatoka. Mkopo hulipwa kwa fedha za kigeni huku tozo ikikusanywa kwa fedha za ndani, hivyo sarafu ikishuka thamani deni hukua bila hata mnara mmoja kuongezwa.

Brazili imetumia minada tangu mwishoni mwa miaka ya 1990: kampuni hushindania kujenga na kuendesha njia kwa muda wa miaka 30, na inayokubali mapato madogo zaidi kwa mwaka hushinda. Utaratibu huo umejenga maelfu ya kilomita. Unahitaji, hata hivyo, mdhibiti anayeaminika na mnunuzi anayelipa kwa wakati, na pasipo hivyo viwili mwekezaji hupandisha bei kufidia hofu yake.

Fedha zikipatikana, vifaa hupatikana mara moja?

Hapana. Transfoma kubwa haikai dukani. Husanifiwa na kuundwa kwa ajili ya kituo maalumu, na katika miaka ya karibuni muda wa kungoja umefika hata miaka 4 baada ya kuagiza. Moja inaweza kuwa na uzito unaozidi tani 200, kwa hiyo kuna miradi iliyolazimika kwanza kuimarisha madaraja ya njiani. Nchi inayoagiza transfoma moja moja kila mradi unapoidhinishwa hurudi mwisho wa foleni kila mara.

Je, njia mpya inaweza kuleta matatizo badala ya kuyaondoa?

Ndiyo, na hapa ndipo upanuzi wa haraka huwashangaza watu.

Fikiria njia mpya ya kilovoti 400, ndefu, iliyojengwa kwa mahitaji ya miaka 20 ijayo. Usiku wa kwanza inapowashwa, upande wa pili una mzigo mdogo sana. Waya huo mrefu juu ya ardhi hufanya kazi ya kepasita, yaani hujikusanyia chaji, na badala ya volti kushuka kadiri umeme unavyosafiri, hupanda. Mwisho wa njia unaweza kuwa na volti kubwa kuliko mwanzo wake, na ikipita kiwango huharibu vikombe (vihami vinavyoshikilia nyaya kwenye mnara), transfoma na vifaa vya wateja. Kwa hiyo njia ya namna hiyo hufungwa riakta, ambazo hunyonya ziada hiyo, na zisipowekwa kwa kiasi cha kutosha waendeshaji hulazimika kuizima njia mpya nyakati za usiku. Volti iliyopanda kupita kiasi si jambo dogo: tarehe 28 Aprili 2025 Uhispania na Ureno zilizimika karibu zote baada ya volti kupanda na mitambo kujitoa mmoja baada ya mwingine.

Kila njia na kila mtambo unaoongezwa pia huongeza mkondo unaoweza kumiminika panapotokea shoti. Swichi za zamani katika vituo vya jirani ziliundwa kukata mkondo wa kiwango fulani. Kiwango hicho kikipitwa, swichi inaweza kulipuka badala ya kukata. Relei za ulinzi, vifaa vinavyogundua hitilafu na kuziamuru swichi zikate, nazo lazima zipangwe upya, kituo kwa kituo, kwa kuwa relei inayopima umbali wa hitilafu imepangwa kwa ramani ya zamani ya gridi. Kazi hii haionekani kwa macho na haizinduliwi na mtu, na ndiyo inayoamua kama gridi iliyopanuliwa itakuwa imara au itazimika mara nyingi kuliko zamani.

Kwa nini hitilafu ya sehemu moja huzima nchi nzima?

Umeme ukikosa njia moja huhamia zilizobaki papo hapo. Zikiwa zilikuwa zimejaa, nazo huzidiwa na kujikata, na mzigo huhamia kwingine tena. Wapangaji hujikinga kwa kanuni moja: mfumo uweze kupoteza kifaa chochote kimoja, kiwe kikubwa namna gani, bila wateja kukosa umeme. Kanuni hiyo ina maana ya kujenga njia ya ziada ambayo siku nyingi itaonekana kana kwamba haina kazi, na ni vigumu kumshawishi mwenye bajeti finyu ailipie. Gridi changa yenye njia moja ndefu kuelekea kila mkoa haijaifikia, hata kama ramani yake inapendeza.

Hata gridi kubwa hushindwa. Tarehe 14 Agosti 2003, katika jimbo la Ohio, nyaya zilizopata joto kwa mzigo zilinepa hadi kugusa miti ambayo haikukatwa kwa wakati, huku mfumo wa tahadhari katika chumba cha udhibiti ukiwa umekwama. Watu takriban milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Nchini India, tarehe 31 Julai 2012, gridi tatu za kikanda zilianguka na eneo lenye zaidi ya watu milioni 600 likazimika. Kufyeka mkuza kila mwaka ni sehemu ya gridi sawa na mnara wenyewe.

Umeme wa jua na upepo huongeza ugumu gani?

Ugumu wa kwanza ni wa mahali, kwa kuwa upepo na jua bora mara nyingi viko mbali na miji. Wa pili ni wa uthabiti. Mitambo ya maji, gesi na mvuke ina rota nzito zinazozunguka, na uzito huo hupunguza kasi ya frikwensi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) kuporomoka mtambo mmoja unapotoka ghafla. Paneli za jua hazina rota, hivyo gridi yenye paneli nyingi huhitaji betri zinazojibu upesi, au mashine zinazozungushwa kwa ajili ya uthabiti pekee. Foleni nayo imekuwa ndefu: Shirika la Kimataifa la Nishati lilihesabu mwaka 2023 angalau gigawati 1,500 za miradi iliyofikia hatua za juu, iliyokuwa ikingoja kuunganishwa kwenye gridi duniani.

Kuunganisha gridi na nchi jirani kunasaidia?

Kunasaidia sana pale nchi moja inapokuwa na maji mengi na nyingine ina mvuke au upepo. Njia ya mkondo mnyoofu ya kilovoti 500 kati ya Ethiopia na Kenya, yenye urefu wa takriban kilomita 1,045 na uwezo wa megawati 2,000, huruhusu biashara hiyo huku kila gridi ikibaki na frikwensi yake. Muunganiko wa mkondo geu huzifunga gridi kuwa mfumo mmoja, na hapo mtikisiko wa upande mmoja husikika upande wa pili. Nchi zisizokuwa na nidhamu ya pamoja ya kuendesha gridi ziikubali kwanza nidhamu hiyo kwa maandishi.

Je, inawezekana kupata uwezo zaidi bila kujenga njia mpya?

Inawezekana, na naamini ndipo pa kuanzia. Waya wa kawaida wa alumini yenye kiini cha chuma unaweza kubadilishwa kwa waya wenye kiini cha nyuzi za kaboni, ambao haunepi sana ukipata joto, na uwezo wa njia ukakaribia mara mbili juu ya minara ileile, bila mkuza mpya wala fidia mpya. Vipimo vya hali ya hewa vikifungwa kwenye njia, mwendeshaji hujua siku yenye upepo unaopoza nyaya na kupitisha umeme zaidi. Minara iliyosanifiwa kwa saketi mbili, yaani seti mbili za nyaya, ikabeba moja huongezewa ya pili. Hatua hizi hununua muda. Hazifikishi umeme mahali ambapo hakuna njia kabisa.

Wizi wa vyuma vya minara una athari kubwa kiasi gani?

Mnara hushikiliwa na vipande vya chuma vinavyokingana. Vichache vya chini vikiibwa, husimama hivyo hivyo mpaka upepo mkali uje, kisha huanguka na kuvuta wenzake. Boliti zisizofunguka kwa urahisi na ukaguzi kwa droni husaidia, lakini kinachofaa zaidi ni kudhibiti wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa nini kijiji kinachopitiwa na njia kubwa hubaki gizani?

Hili ni swali la haki kabisa, na jibu lake la kiufundi halimtoshi anayeishi chini ya nyaya hizo. Umeme wa kilovoti 400 hauwezi kuchotwa kwa transfoma ya kijijini. Huhitaji kituo kizima cha kupozea chenye swichi, relei na ulinzi, ambacho gharama yake huhalalishwa na mahitaji ya wilaya nzima, si ya nyumba mia mbili. Ipo mbinu nafuu ambayo Ghana imeitumia: waya wa juu kabisa wa mnara, ule unaokinga radi, hufungwa kwenye vikombe na kupewa umeme wa msongo wa kati kutoka kituo cha karibu, kisha vijiji vilivyo kando ya njia huchota humo. Mbinu hiyo ni rahisi inapoingizwa katika usanifu tangu mwanzo, na ni ghali kuiongeza minara ikishasimama. Kwa hiyo mikutano ya wananchi ifanyike kabla michoro haijafungwa, na wahandisi waulizwe mambo mawili: vituo vya kupozea vitajengwa wapi kando ya njia, na kama usambazaji kutoka vituo hivyo umo katika bajeti ileile ya mradi au umeachwa kwa mradi mwingine ambao haujapata fedha.